Kwa nini masista hawafungi nadhiri kwa haraka?

Mwezi huu barua nyingi zilizofika mezani kwangu zimetoka Mtwara na Lindi, na karibu zote zinauliza habari za mabinti wanaojiunga na mashirika ya masista. Nimechagua tano. Zilizokuwa ndefu nimezifupisha, na majina ya walioandika nimeyaacha kwa sababu haya ni mambo ya ndani ya nyumba za watu. Mimi mwenyewe ni mtawa mwenye nadhiri za daima, yaani ahadi kwa Mungu za maisha yote, na kwa miaka kadhaa nilipewa kazi ya kuwalea wapostulanti na wanovisi, ndio mabinti walio katika hatua za malezi kabla ya nadhiri. Ninayoyajibu hapa yanatoka katika Sheria za Kanisa za mwaka 1983 na katika yale niliyoyaona kwa macho yangu.

Mama, Newala: Tumsifu Yesu Kristo, Sista. Binti yangu ana miaka 18 na amemaliza kidato cha nne. Tangu alipopokea kipaimara anasema anataka kuwa sista. Nilipomuuliza Paroko ni miaka mingapi mpaka amalize, alinihesabia hadi tisa au kumi. Mwenzake aliyekwenda kusomea uuguzi atakuwa kazini baada ya miaka mitatu. Kwa nini masista wanakaa na mtoto wa mtu miaka yote hiyo kabla ya kumfungisha nadhiri? Na je, katika miaka hiyo anasoma, au analima tu?

Milele amina, mama. Kwanza nikuondolee hofu moja: nadhiri za kwanza hazisubiri mwaka wa kumi. Kwa kawaida binti huziweka baada ya miaka mitatu au minne tangu aingie, na kinachofika katika mwaka wa tisa au wa kumi ni nadhiri za daima, zile ambazo hazirudiwi tena kwa sababu ni za maisha yote. Paroko alikuhesabia safari nzima, na alifanya vyema, kwa kuwa wazazi wengi huhesabu mpaka siku ya sherehe ya kwanza kisha wakadhani kazi imekwisha.

Binti huanza kama aspiranti, ambaye wengine humwita mtakaji. Muda wa hatua hii haukupangwa na sheria ya Kanisa zima, ila na katiba ya kila shirika, na mara nyingi ni mwaka mmoja au miwili. Atatakiwa kuleta cheti cha ubatizo, cheti cha kipaimara na ithibati kwamba hajafungwa na ndoa, pamoja na barua ya Paroko wake, na mashirika mengi huomba pia vyeti vya shule na vya kuzaliwa. Baada ya hapo huingia upostulanti, ambapo anaishi karibu zaidi na jumuiya, anajifunza kusali Masifu ya Asubuhi na ya Jioni pamoja na wenzake, na anaanza kufundishwa imani kwa undani kuliko alivyofundishwa kigangoni. Katika hatua hizi mbili hana nadhiri yoyote. Anafahamiana na masista na masista wanamfahamu yeye, na haya mama usiyadharau, kwa sababu mtu hajulikani kwa barua ya maombi. Nilipokuwa mlezi nilipenda kukaa na wapostulanti jikoni wakimenya mihogo. Hakuna aliyewaambia kwamba wanatazamwa, wala haukuwa mtihani, lakini ukikaa na mabinti sita kwenye rundo moja la mihogo kwa saa nzima utamjua anayechagua midogo akawaachia wenzake mikubwa, anayenyamaza kwa sababu ameridhika, na anayenyamaza kwa sababu ana jambo linamla moyo na hajapata wa kumwambia. Huyo wa mwisho ndiye niliyemwita tukachume mboga pamoja jioni.

Kisha unakuja unovisi, yaani malezi ya mwisho kabla ya nadhiri za kwanza, na hapa ndipo sheria ya Kanisa inapokuwa kali. Mtu hapokelewi kihalali katika unovisi kabla ya kutimiza miaka 17. Unovisi lazima uwe na miezi 12 ndani ya nyumba ya unovisi yenyewe, na wote kwa jumla usizidi miaka miwili, ingawa wakuu wakiwa bado na mashaka wanaweza kuuongeza kwa muda usiozidi miezi sita. Novisi akikosekana katika ile miezi 12 kwa zaidi ya siku 15, siku hizo ni lazima azifidie. Akikosekana zaidi ya miezi mitatu, hata kama ni kwa vipande vipande, unovisi wake unakuwa batili na hana budi kuuanza upya. Nakutajia hili kwa sababu huku kwetu msiba hauishi siku ya mazishi. Bibi akifariki, novisi anaweza kuruhusiwa kwenda kuzika, lakini familia ikimng'ang'ania akae mpaka arobaini ipite, siku hizo zote zitamfuata kwenye hesabu yake. Wazazi wakilijua jambo hili mapema hawamwiti Mlezi mkatili.

Umeuliza kama anasoma. Katika unovisi hasomei uuguzi wala ualimu, na hilo nalo ni agizo: sheria inataka wanovisi wasipewe masomo au kazi zisizosaidia moja kwa moja malezi yao ya kitawa. Anajifunza Maandiko Matakatifu, liturujia, historia na katiba ya shirika lake, na maana ya nadhiri tatu za useja mtakatifu, ufukara na utii. Analima pia, naam, kama alivyolima kwako, kwa sababu nyumba ya masista inakula kutoka shambani. Masomo ya kazi huja zaidi baada ya nadhiri za kwanza. Nadhiri hizo, ambazo mtu haweki kabla ya kutimiza miaka 18, ni za muda, na kipindi chake hakipungui miaka mitatu wala hakizidi sita, ila kwa sababu maalumu mkuu anaweza kukiongeza mpaka jumla ya miaka tisa. Katika miaka hiyo ndipo utamwona binti yako akienda chuo na kurudi, akitumwa zahanati au shuleni, akirudia nadhiri zake kila zinapofikia mwisho. Nadhiri za daima zinamtaka awe ametimiza miaka 21 na awe amekaa katika nadhiri za muda kwa angalau miaka mitatu.

Sasa kwa nini muda wote huo? Wewe ni mama wa Newala, kwa hiyo unaujua unyago kuliko nitakavyoweza kukueleza. Mwali hutengwa na watu, hukabidhiwa kwa somo, hufundishwa yale ambayo hayasemwi barabarani, kisha hutolewa nje akiwa na nguo mpya huku akina mama wakipiga vigelegele. Nimesikia watu wakisema unovisi ni unyago wa masista, na kuna ukweli katika maneno hayo, kwani novisi naye hutengwa, ana Mlezi, na hutoka akiwa amebadilishwa vazi. Lakini kuna tofauti moja ambayo kwangu ndiyo kiini cha jambo zima. Mwali haulizwi kama anataka, wala hawezi kuamka usiku wa tatu akasema narudi nyumbani. Novisi anaweza. Sheria inasema wazi kwamba novisi ana uhuru wa kuondoka, na haimtaki alipe kitu wala aombe kibali Roma. Miaka hii mingi imewekwa ili siku atakapopiga magoti mbele ya altare aseme neno alilokwisha kulipima akiwa na afya na akiwa mgonjwa, akiwa amefurahi na akiwa amegombana na mwenzake, msimu wa mvua na msimu wa kiangazi. Nadhiri iliyotolewa kwa nguvu, kwa hofu kubwa au kwa hila ni batili hata kama askofu alikuwapo na kwaya iliimba.

Kwa hiyo mama, usihesabu miaka kwa niaba yake. Mfanye ajue tu kwamba kitanda chake nyumbani hakijauzwa.

Dada, Ruangwa: Sista, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 31. Wito ninausikia tangu chuoni lakini niliogopa. Je, nimechelewa? Nina mkopo wa elimu ya juu ambao sijamaliza kulipa, na nina deni la kikoba. Halafu nimeambiwa nitapimwa afya, pamoja na virusi vya UKIMWI. Majibu yangu yataonwa na nani?

Sheria ya Kanisa zima imeweka umri wa chini tu. Umri wa juu huwekwa na kila shirika, na mengi hupendelea mabinti walio chini ya miaka 30 au 35, ila nimewaona waliopokelewa baada ya hapo. Andika barua kwa zaidi ya shirika moja na taja umri wako katika sentensi ya kwanza, usiufiche mpaka siku ya mahojiano.

Kuhusu madeni, wakuu hawaruhusiwi kumpokea mtu mwenye deni asiloweza kulilipa. Deni la kikoba lilipe kabla hujaondoka Ruangwa, kwa sababu wale akina mama waliweka akiba yao kwa kukuamini. Mkopo wa elimu ni mrefu zaidi, na wapo wanaobaki kazini mwaka mmoja au miwili zaidi ili waumalize. Hiyo nayo ni sehemu ya kuitika wito.

Kwa upande wa sheria ya Kanisa vipimo vinaruhusiwa, kwani inataka afya ya anayepokelewa ijulikane na inaruhusu wataalamu watumike. Lakini sheria hiyohiyo, ikizungumzia upokeaji, inakumbusha haki ya kila mtu ya kutunziwa siri zake na jina lake jema. Majibu ni ya mkuu mwenye jukumu la kukupokea na wale wanaomshauri kwa kazi hiyo. Hayapaswi kujulikana na wapostulanti wenzako, wala na Paroko kwa njia ya mazungumzo ya mezani. Una haki ya kuuliza, kabla ya kupimwa, nani atayasoma na yatawekwa wapi. Uliza kwa adabu, na ukijibiwa kwa hasira ujue umepata taarifa muhimu kuhusu nyumba hiyo.

Mjomba, Tandahimba: Mimi ni Mmakonde na nina mpwa mmoja tu wa kike, mtoto wa dada yangu aliyefariki. Sasa anasema anakwenda utawani. Nimekataa, lakini Katekista ananiambia sina haki ya kukataa. Kwa mila zetu nisiposema mimi atasema nani? Tena bibi yake alimwachia mikorosho 14 iliyo katika shamba la ukoo. Akifunga nadhiri mikorosho itakuwa ya masista? Na fedha za mnada zitaingia akaunti ya nani?

Shikamoo, mjomba. Umeuliza mawili, na nitaanza na lile gumu.

Sitakuambia kwamba unachokililia ni kitu kidogo. Watu wasiolelewa kusini hawaelewi kwamba kwetu ukoo hupitia tumboni mwa mama, na kwamba binti mmoja akibaki bila watoto, mlango mzima wa nyumba unafungwa. Wamisionari Wabenediktini, watawa wanaomfuata Mtakatifu Benedikto, walipotumwa huku mwaka 1887, masista walikuwa miongoni mwao, na baadaye kazi yao ikaelekea huku kusini, Lukuledi, Nyangao na kwingineko. Mwaka 1905, wakati wa vita vya Maji Maji, masista kadhaa waliuawa, akiwamo Sista Walburga Diepolder aliyekuwa akikimbia kutoka Nyangao. Hao walikuwa wageni, na koo zao zilikuwa mbali ng'ambo ya bahari. Mabinti wa nchi hii walipoanza nao kuomba kuingia utawani, wajomba waliosimama mlangoni walikuwa wa hapahapa, na swali lao lilikuwa hilihili lako.

Katekista amekuambia kweli kwa upande wa sheria. Mtu mzima haombi kibali cha mzazi wala cha mjomba ili aingie utawani, na shirika likimpokea huku likijua anaingia kwa kulazimishwa, upokeaji huo ni batili. Lakini fikiri upande wa pili pia: akibaki nyumbani kwa kulazimishwa na wewe, akaolewa huku moyo wake uko kwingine, watoto atakaowaleta kwenye ukoo watalelewa na mama anayechungulia dirishani. Haki ya kukataa huna, ila haki ya kusikilizwa unayo, na Mlezi mwenye busara hatampokea mpwa wako bila kutaka kujua nyumba aliyotoka.

Nitakupa mfano. Wakati nikiwa mlezi alikuja mjomba mmoja na kuku wawili amewafunga kwenye baiskeli. Hakutaka kuingia sebuleni. Alikaa chini ya mwembe kwenye kigoda, akaniuliza maswali tangu saa nne mpaka jua lilipoelekea kwenye mapaa: nani atamuuguza mpwa wake akiugua, akizeeka atalala wapi, akifa atazikwa wapi na nani atakuja kumwarifu, akigombana na mkubwa wake atamwendea nani. Maswali mengine sikuwa na jibu lake, nikaenda kumuuliza Mama Mkuu, nikarudi. Mwisho alisimama, akaniambia kuku ni wa mpwa wake na wenzake, kisha akasema, "Sasa najua niliyemwachia." Alikuja kila mwaka baada ya hapo. Nenda nawe, mjomba, hata usipobeba kuku.

Kuhusu mikorosho, habari ni nyepesi. Nadhiri katika mashirika mengi ya masista hazimwondolei mtu umiliki wa mali yake. Kinachotakiwa ni kwamba kabla ya nadhiri za kwanza akabidhi usimamizi wa mali hiyo kwa mtu anayemtaka mwenyewe, na aamue mapato yake yatumike vipi, isipokuwa katiba ya shirika lake iseme vinginevyo. Kwa hiyo anaweza kukukabidhi wewe, au dada yake wa ukoo, na korosho ikipelekwa chama cha msingi na kuuzwa mnadani, fedha zikaingia kwenye akaunti ya huyo msimamizi. Akitaka baadaye kubadili mpango huo ataomba ruhusa ya mkuu wake. Kabla ya nadhiri za daima, kama si mapema zaidi, ataandika wosia unaotambulika na sheria za nchi. Yapo mashirika ambayo kwa asili yake humtaka mtu aachane kabisa na mali zake kabla ya nadhiri za daima, hivyo muulize Mlezi swali hilo waziwazi siku ile ya mwembe. Yanayokuwa ya shirika ni yale atakayoyapata kwa kazi yake baada ya nadhiri: akiajiriwa kama muuguzi, mshahara ni wa shirika, na pensheni ni hivyohivyo.

Ila nakushauri jambo moja ambalo halimo katika sheria yoyote ya Kanisa. Makubaliano ya mikorosho 14 yaandikeni, yasainiwe mbele ya mashahidi wa ukoo na wa serikali ya kijiji, na mipaka itajwe mti kwa mti. Nimeona sista akirudi likizo akakuta mikorosho ya bibi yake imekatwa kuni, na hakuna aliyekumbuka kilichokubaliwa.

Katekista, jirani na Nachingwea: Sista, nilihudhuria nadhiri za Masista Wabenediktini nikashangaa kwamba hawakutaja ufukara, useja na utii kama tulivyofundishwa, bali walitaja udumifu na mambo mengine. Waumini wananiuliza kama hizo ni nadhiri pungufu.

Si pungufu, Katekista, ni za zamani zaidi. Wabenediktini kwa kawaida hufuata sura ya 58 ya Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya sita, na humo anayeingia huahidi mambo matatu: udumifu, yaani kukaa na jumuiya yake mpaka kufa, mwenendo wa kitawa, yaani kuongoka kila siku, na utii. Useja na ufukara vimo ndani ya huo mwenendo wa kitawa, havikuachwa nje.

Ukiweza waeleze waumini wako na sehemu nyingine ya sura hiyo, maana wataipenda. Benedikto anaagiza kwamba anayebisha hodi asifunguliwe kirahisi. Akivumilia, anaingizwa, na baada ya miezi miwili anasomewa Kanuni yote na kuambiwa: hii ndiyo sheria utakayoishi chini yake, ukiweza kuishika ingia, usipoweza nenda zako ukiwa huru. Baada ya miezi sita anasomewa tena, na baada ya minne mingine tena. Jumla ni miezi 12, ileile ambayo sheria ya Kanisa inaidai leo kwa unovisi wa mashirika yote. Siku ya nadhiri anaandika ahadi yake kwa mkono wake mwenyewe na kuiweka juu ya altare. Kisha anaimba mara tatu aya ya 116 ya Zaburi ya 119, akimwomba Mungu amtegemeze sawasawa na ahadi yake wala asimwache aaibike katika tumaini lake, na jumuiya nzima inaitikia mara tatu.

Niliwahi kusimama nyuma ya novisi usiku wa kuamkia siku hiyo, akiandika ahadi yake kwenye karatasi nene. Alikuwa amekwisha kuharibu karatasi mbili. Katika ya tatu kalamu ilitoa doa dogo chini ya jina lake, akanitazama huku machozi yanamlengalenga, akaniuliza kama aanze upya. Nilimwambia aiache. Iliwekwa altareni na doa lake.

Na kwa kuwa wewe ni Katekista, usisahau tarehe 2 Februari, ambayo tangu mwaka 1997 Kanisa zima linaiadhimisha kama Siku ya Watawa kwa agizo la Papa Yohane Paulo wa Pili. Kigango kidogo kinaweza kuifanya vizuri kwa kuwataja kwa majina mabinti na vijana wake walio katika malezi.

Baba, Lindi mjini: Sista, binti yangu amekaa na masista miaka minne. Tulikuwa tumekwisha kuandaa sherehe ya nadhiri za kwanza, mbuzi amenunuliwa na kadi zimegawiwa. Wiki tatu kabla ya siku tukaambiwa amerudishwa. Alifika na basi la jioni akiwa na sanduku lilelile. Hatoki nje. Watu wanasema amepata mimba, jambo ambalo si kweli. Mimi naona aibu hata kwenda Misa. Je, wana haki ya kumrudisha bila kosa? Na miaka minne ya kulima na kufua kwao hatalipwa?

Baba yangu, nimeisoma barua yako mara nyingi, na nimeiweka mwisho kwa sababu sikutaka kuijibu mbio.

Haki hiyo wanayo. Unovisi unapofika mwisho, novisi anayeonekana anafaa hupokelewa kwa nadhiri, asiyefaa huagwa, na kutofaa kwa shirika fulani si kosa la dhambi wala la tabia. Nimewaaga mabinti waliokuwa wema kuliko mimi. Mmoja alikuwa hawezi kulala katika maisha ya jumuiya, akakonda mpaka tukamwogopea. Leo ni mama wa watoto watatu na ni mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo. Shirika linalompokea binti ambaye halimwoni kuwa anafaa, kwa kuogopa kadi zilizokwisha kugawiwa, linamfunga mzigo ambao utamvunja mgongo akiwa na miaka 40, wakati ambapo kurudi nyumbani ni kugumu mara kumi.

Lakini namna ya kufanya jambo hili nayo ina uzito, na kwa unavyonieleza ilikosewa. Wiki tatu ni kuchelewa. Mlezi anayeishi na novisi kila siku huona mashaka mapema, na anapaswa kuyazungumza na novisi mwenyewe hatua kwa hatua, ili siku ya jibu isiwe radi. Tena binti aliyekaa na masista miaka minne hapandishwi basi peke yake. Ningetaka sista mmoja awe amekaa kiti cha pembeni yake mpaka Lindi, aingie ndani kwako, aseme mbele yako na mama yake kwamba mtoto hana hatia. Hilo halikufanyika, na mna haki ya kuliomba hata sasa: mwandikie Mama Mkuu wa shirika, umwombe atume mtu nyumbani, au ampe binti barua inayosema kwamba aliondoka kwa heshima. Barua hiyo itamsaidia pia kama siku moja ataomba kwingine, maana mlango wa shirika jingine haujafungwa kwake.

Kuhusu malipo, sheria inasema anayeondoka katika shirika hawezi kudai ujira kwa kazi aliyoifanya humo. Hapohapo inaliagiza shirika limtendee anayeondoka kwa usawa na kwa mapendo ya kiinjili. Kwa maneno yetu ya kila siku, huwezi kudai mshahara, ila unaweza kusema kwa heshima: binti yetu alikuja na miaka 19, amerudi na 23, hana nauli wala cherehani, mtamsaidiaje aanze? Yapo mashirika yanayompa anayeondoka mtaji mdogo au kumlipia kozi ya ufundi. Omba, na usione haya.

Sasa kuhusu wewe mwenyewe, baba. Unasema unaona aibu kwenda Misa. Binti yako yumo chumbani anasikiliza kama hatua zako zitatoka mlangoni Jumapili asubuhi. Usipokwenda, atajua ni kwa ajili yake. Nenda, ukae kwenye benchi lenu la siku zote, na atakayekuuliza umjibu kwamba alikwenda kumtafuta Mungu, wakapima pamoja na masista, wakaona mahali pake ni pengine. Hayo ni kweli tupu. Anayesema mimba mwachie Katekista na mwenyekiti wa jumuiya yenu wamwendee nyumbani. Usigombane naye wewe.

Mbuzi msimrudishe mnadani. Mchinjeni siku hiyohiyo mliyokuwa mmeipanga, mle ndani ya familia, na binti akae karibu na mama yake. Usimlazimishe kuzungumza, wala usimzuie akianza. Na wiki hii hii mwambie mama yake amwulize taratibu kama vyeti vyake vyote vimo sandukuni, cha ubatizo, cha kipaimara na cha kidato cha nne. Kama vimebaki kule, uvifuate mwenyewe, kabla maombi ya vyuo hayajafungwa.